Moyo wa Muamba ulisimama, imani ikasimama naye

HAKUNA aliyemgusa. Hakukuwa na kiatu cha beki, kiwiko wala kugongana vichwa. Ilikuwa jioni ya Machi 17, 2012, robo fainali ya Kombe la FA kati ya Tottenham Hotspur na Bolton Wanderers kwenye Uwanja wa White Hart Lane, London. Matokeo yalikuwa 1-1, mapumziko yanakaribia, ndipo Fabrice Muamba, kiungo wa Bolton mwenye miaka 23, alipokwenda chini mwenyewe kama mti uliokatwa.

Dakika chache baadaye uwanja mzima ulikuwa umeelewa kwamba hii siyo ile ya kupoteza muda. Madaktari walikuwa wanamkandamiza kifua palepale kwenye nyasi. Wachezaji wa timu zote mbili walishika vichwa, wengine wakaomba. Mashabiki wa Spurs wakaanza kuimba jina lake. Mwamuzi Howard Webb akavunja mchezo.

Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 bila kudunda wenyewe. Ukijumlisha, hizo ni dakika 90 ukitoa 12. Leo jamaa yuko hai, ana familia yake, anatembea na kuongea, na hajawahi kuficha nani anampa sifa ya kwanza. Ni Mungu.

Kwa shabiki aliyeko Chole, kisiwa kidogo kilichokaa ndani ya ghuba upande wa kusini mashariki mwa Mafia, stori hii inaweza kuonekana ya watu wa mbali. Chole ni kisiwa cha wavuvi na mafundi wa majahazi, chenye magofu ya utawala wa Wajerumani na popo wakubwa wanaoning'inia mitini. Wengi wa wakazi wake ni Waislamu. Muamba ni Mkristo kutoka Kinshasa aliyechezea Ligi Kuu England. Lakini ni vigumu kupata mahali ambapo stori hii inagusa zaidi ya pale ambapo kati ya uwanja wa mpira na hospitali ya wilaya kuna mkono wa bahari.

MTOTO WA MKIMBIZI

Muamba alizaliwa Kinshasa Aprili 6, 1988, nchi ikiitwa bado Zaire. Baba yake aliondoka nchini kwa sababu za kisiasa na kupata hifadhi Uingereza. Familia ilimfuata mwaka 1999, Fabrice akiwa na miaka 11, hajui Kiingereza. Alikuta shule, baridi na lugha mpya kwa mpigo mmoja.

Mpira ukamfungulia mlango. Akaingia akademi ya Arsenal, akapita Birmingham City, na mwaka 2008 akatua Bolton. Aliichezea pia England ya vijana chini ya miaka 21. Hakuwa fundi wa chenga. Alikuwa kiungo wa kazi, yule anayekaba, anayenyang'anya mpira na kumpa mwenzake, halafu anarudi kukaba tena.

Imani haikuanza siku ile ya White Hart Lane. Alilelewa katika nyumba ya Kikristo yenye kusali. Asubuhi ya mechi ile, kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, alisali na baba yake na kumwomba Mungu amlinde. Saa chache baadaye alikuwa amelala kwenye nyasi.

DAKIKA 78

Kilichofuata kinahitaji kusimuliwa kwa utaratibu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hurukia mwisho wa stori na kuacha katikati.

Timu ya tiba ya Bolton ilifika kwake haraka. Wakati huohuo jukwaani alikuwepo shabiki wa Spurs, Dk Andrew Deaner, ambaye kazi yake ni ubingwa wa magonjwa ya moyo. Alikuja kutazama mpira tu kama shabiki mwingine yeyote. Aliona kwamba huyu kijana moyo umesimama, akawaomba walinzi wa uwanja wamruhusu kupita, akaingia kusaidia.

Muamba alishtuliwa moyo kwa mashine mara 15, kuanzia pale uwanjani hadi ndani ya gari la wagonjwa. Muda wote huo mikono ya watu haikuacha kukandamiza kifua chake. Deaner ndiye aliyesema apelekwe Hospitali ya London Chest, iliyokuwa na wataalamu wa moyo, ingawa kulikuwa na hospitali nyingine za karibu zaidi. Huko ndiko moyo ulikorudi kudunda.

Machi 19, siku mbili baadaye, alikuwa anaongea. Aprili 16 alitoka hospitali kwa miguu yake, kifuani akiwa amewekewa kifaa kidogo cha kuushtua moyo kama ungesimama tena. Mei 2 alirudi kwenye uwanja wa Bolton kuwasalimia mashabiki, timu yake ikicheza na Spurs haohao.

MAOMBI HAYAKUCHAGUA DINI

Katika siku zile za hospitali, familia yake na mchumba wake waliomba watu wasali. Ombi hilo likasambaa kuliko walivyotegemea. Siku moja baada ya tukio, beki Gary Cahill, aliyekuwa ametoka Bolton kwenda Chelsea miezi michache kabla, alifunga bao akaonyesha fulana yenye maandishi ya kuwataka watu wamwombee Muamba.

Siku hiyohiyo kule Hispania, wachezaji wa Real Madrid waliingia Bernabéu wakiwa na fulana zenye majina mawili ya wagonjwa. Moja lilikuwa la Muamba. La pili lilikuwa la Éric Abidal wa Barcelona, mahasimu wao wakubwa, aliyekuwa anasubiri kupandikizwa ini.

Abidal ni Muislamu. Mwaka mmoja kabla, Machi 2011, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ini, na Mei mwaka huohuo nahodha Carles Puyol akampa yeye heshima ya kunyanyua Kombe la Ulaya pale Wembley. Aprili 2012 alipandikizwa ini alilotolewa na ndugu yake, na akarudi tena kucheza. Fulana moja ilibeba jina la Mkristo anayeombewa kanisani na jina la Muislamu anayeombewa msikitini. Mashabiki wa Madrid hawakuuliza nani wa wapi.

Muamba alipopata nguvu ya kuzungumza na magazeti, alisema yeye ni ushahidi unaotembea wa nguvu ya maombi. Maneno mazito hayo. Lakini hakuwahi kusema madaktari hawakufanya kitu.

UHAI ULIRUDI, JEZI HAIKURUDI

Hapa ndipo stori inapokuwa ngumu, na ndipo imani yake ilipopimwa kweli.

Muamba alitaka kucheza tena. Alisafiri hadi Ubelgiji kuonana na bingwa mwingine, akitumaini kuna njia. Haikuwepo. Agosti 15, 2012, akiwa na miaka 24, umri ambao kiungo ndiyo kwanza anaanza kuuelewa mchezo, alitangaza kustaafu soka.

Katika taarifa yake siku hiyo alisema habari hizo zimemuumiza sana, lakini anamshukuru Mungu kwamba yuko hai, na papo hapo akawapa heshima madaktari na wahudumu ambao hawakumkatia tamaa. Hakumpa Mungu sifa kwa kuwanyima binadamu yao, wala hakuwasifu madaktari akamsahau Mungu.

Shabiki anaweza kuuliza: kama Mungu alimrudishia uhai, kwa nini asimrudishie na mpira? Muamba hakupewa jibu la swali hilo, na hakulisubiri. Alirudi darasani, akasoma uandishi wa habari za michezo Chuo Kikuu cha Staffordshire na kuhitimu mwaka 2015. Akaingia kwenye ukocha wa vijana. Akawa mmoja wa sauti zinazodai mashine za kushtua moyo ziwekwe viwanjani, shuleni na mitaani, na watu wa kawaida wafundishwe kukandamiza kifua.

Kupona kwake, basi, hakukuwa kurudi alikokuwa. Kijana aliyejiita mchezaji tangu utotoni alilazimika kujifunza kuwa mtu mwingine, na anasema aliyemshika mkono katika safari hiyo ni Mungu yuleyule aliyemwomba asubuhi ya mechi.

KANU ALIPITA NJIA HIYO

Kabla ya Muamba alikuwepo Nwankwo Kanu. Mwaka 1996 aliiongoza Nigeria kama nahodha kutwaa dhahabu ya Olimpiki Atlanta, wakaing'oa Brazil nusu fainali kwa bao lake la dhahabu, kisha wakaifunga Argentina 3-2 fainali. Mwaka huohuo alisajiliwa Inter Milan. Vipimo vya klabu vikaonyesha valvu ya moyo wake ina hitilafu, na ikaonekana mpira umekwisha.

Kanu, Mkristo ambaye amesimulia mara nyingi jinsi alivyomlilia Mungu kipindi kile, alifanyiwa upasuaji Marekani Novemba 1996. Yeye alirudishiwa vyote. Alirudi uwanjani 1997, akaenda Arsenal 1999, akapiga mabao matatu peke yake dhidi ya Chelsea ndani ya robo saa ya mwisho, akawa kwenye kikosi kilichomaliza ligi ya 2003/04 bila kufungwa, na mwaka 2008 akafunga bao pekee lililoipa Portsmouth Kombe la FA.

Mwaka 2000 alianzisha Kanu Heart Foundation, taasisi inayowasaidia watoto wa Afrika wenye matatizo ya moyo kufanyiwa upasuaji. Mmoja alirudishiwa mpira, mwingine hapana. Wote wawili waliishia sehemu moja, kuhangaikia mioyo ya watu wasiowajua.

KAITABA, 2016

Tanzania nayo ina jeraha lake. Desemba 4, 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, timu ya vijana chini ya miaka 20 ya Mbao FC ilikuwa inacheza na Mwadui. Mshambuliaji Ismail Mrisho Khalfan, kijana wa miaka 19, aliifungia Mbao bao. Baadaye katika mechi hiyohiyo alianguka, akapoteza maisha.

Ismail naye alikuwa na mama, ndugu, wachezaji wenzake na watu wa kumwombea. Hakuna mwenye mamlaka ya kusema maombi ya Kaitaba yalikuwa mepesi kuliko ya White Hart Lane. Anayemtangaza Muamba kama muujiza anapaswa kukumbuka na familia iliyorudi nyumbani bila mtoto, asije akawaambia kwa mlango wa nyuma kwamba imani yao ilipungua.

Muamba mwenyewe hajatumia kupona kwake kumhukumu mtu. Anachohimiza ni kwamba anayefuata kuanguka, popote alipo, akute watu wanaojua la kufanya.

CHOLE NA MKONO WA BAHARI

Hapo Chole inaingia moja kwa moja. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, upande wa pili wa kisiwa kikuu. Mgonjwa mzito wa Chole huvushwa kwa chombo hadi Utende, kisha hupandishwa gari. Kuna maji kujaa na kupwa, kuna upepo, kuna usiku. Moyo uliosimama hausubiri hayo. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kupona hushuka kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Maana yake, kwa mchezaji wa Chole daktari wa kwanza ni mtu aliyesimama pembeni ya uwanja. Utaratibu haujifichi. Mchezaji akianguka bila kuguswa, haitiki na hapumui kawaida, asipewe maji wala asipepewe huku watu wakimzunguka. Alazwe chali mahali pagumu. Mtu mmoja aite msaada na kutafuta boti. Mwingine apige magoti, aweke viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, mikono ikiwa imenyooka, akandamize kwa nguvu hadi kifua kizame kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiacha kifua kirudi kila mara. Akichoka baada ya dakika mbili, mwenzake ampokee. Wasiache mpaka mgonjwa aanze kupumua au wafike wenye utaalamu.

Timu hazihitaji bajeti ya Ligi Kuu kwa hili. Zinahitaji mhudumu wa afya wa kuwafundisha vijana kwa jioni moja, na kabla ya kila mechi lijulikane jambo dogo tu: leo boti ya injini ni ya nani, mafuta yamo, na nahodha wake amekaa upande gani wa uwanja.

Baada ya hapo, anayesoma dua asome dua, na anayesali kwa jina la Yesu asali. Madaktari walikuwa wanakandamiza kifua, uwanja ukiomba, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.