Chaja ya Gari la Umeme Nyumbani

Mtu anunuapo gari la umeme, aghalabu hukimbilia kutafuta chaja ya kutundika ukutani, na huichagua kwa wingi wa kilowati zilizoandikwa juu ya sanduku lake, ilhali linalostahili kuulizwa kwanza ni gari lenyewe, kisha nyumba, na chaja ifuate baada ya hayo mawili kutoa jawabu.

Tutazame Kenya, ambako Nissan Leaf za mitumba kutoka Japani zimekwisha kuzoeleka barabarani, na sasa magari ya Kichina yanaongezeka. Leaf ya Japani ina tundu la Aina ya 1 kwa kuchaji taratibu. Magari ya Ulaya yana Aina ya 2. Na yaliyoundwa kwa soko la Uchina yana GB/T, ambayo haipatani na hizo nyingine. Kwa hiyo, asiye na yakini ya gari atakalokuwa nalo baadaye afadhali anunue chaja yenye tundu bila waya wa kudumu, ili gari likibadilika abadilishe waya tu.

Fauka ya hayo, ifahamike kwamba kisanduku cha ukutani hakigeuzi umeme: kazi yake ni kuupeleka garini kwa salama, na mtambo wa kuugeuza uwe wa kufaa betri umo ndani ya gari. Leaf za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 24, nyingi hupokea karibu kilowati 3 tu, hivyo betri tupu hujaa kwa muda wa saa 8 hivi, na hata zikifungiwa chaja ya kilowati 22 hazitaharakisha hata dakika moja. Mwenye gari kama hilo anayelipia chaja kubwa, tena akaomba umeme wa fezi tatu kwa ajili yake, ametupa mali yake bure.

Sasa nyumba. Chaja ya kilowati 7 huvuta kiasi cha ampea 30 kwa saa kadhaa mfululizo, na showa ya maji moto huweza kuvuta 20 na zaidi kwa wakati huohuo. Nyumba iliyotandazwa waya kwa ajili ya taa, friji na televisheni haikukadiriwa mzigo huo. Hapa ndipo ninaposisitiza bila ya kuona haya: fedha zitangulie kwenye waya na kwa fundi. Chaja ipewe njia yake peke yake kutoka kwenye bodi, kwa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 6, na mnene zaidi masafa yakiwa marefu. Iwe na breka yake, na kinga ya kukata umeme uvujapo, ukiwamo ule mnyoofu (DC) unaoweza kuvuja kutoka upande wa gari. Na athi ipimwe kwa chombo, isikisiwe. Pwani, ambako hewa ya chumvi hula kila chuma, kisanduku kiwe cha kuzuia maji na vumbi barabara. Soketi ya pini tatu iachiwe dharura, maana mzigo wa usiku kucha huichemsha.

Gari na nyumba vikishajibu, tuje kwenye chaja yenyewe, hasa zile ziitwazo chaja erevu. Akili ya chaja, basi, ni nini? Muradi wake mkubwa ni kuchagua wakati. Uingereza, tangu 30 Juni 2022, sheria inalazimu chaja mpya za nyumbani zije zimepangwa kuepuka saa za msongamano wa matumizi. Kwetu hoja hiyo ina nguvu zaidi, kwani mvuke wa jotoardhi wa Olkaria hutoka usiku na mchana, na usiku wa manane wanunuzi wa umeme wake huwa wachache. Akili ya pili ni kupima mzigo wa nyumba nzima, chaja ijipunguze showa iwashwapo. Na hii, kwa rai yangu, ndiyo inayostahili kulipiwa. Ama programu ya simu, tahadhari: kampuni ikifunga milango, chaja inayoitegemea hupoteza akili zake. Chagua ifuatayo itifaki ya wazi ya OCPP, iliyoasisiwa Uholanzi, ambayo haikufungi kwa kampuni moja.

Ewe msomaji, kazi hii mkabidhi fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na usimlipe fungu la mwisho kabla hajakupa vipimo vya athi na cheti cha kazi, vyote kwa maandishi na sahihi yake.