Maumivu ya mwili mzima: Pima shughuli zako kabla ya kuongeza mazoezi

MWANAMKE wa Mkiwa, mkoani Singida, akiulizwa na daktari kama anafanya mazoezi, huenda akajibu hapana. Hatataja ndoo za maji alizobeba kichwani, shamba la alizeti alilopalilia wala kuni alizofuata porini. Kwake hizo ni kazi, si mazoezi.

Jibu hilo linaweza kumgharimu akiwa na faibromayaljia. Huu ni ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yanayodumu miezi mitatu au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi usioburudisha na usahaulifu. Huwapata zaidi wanawake. Ubongo na mishipa ya fahamu hukuza maumivu, hivyo vipimo vya damu na eksirei vinaweza kuonekana vya kawaida, na mgonjwa akaitwa mvivu.

Kwa nini upime?

Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walitoa mwongozo wa tiba ya ugonjwa huu, na mazoezi ndiyo pekee waliyoyapendekeza kwa uzito wa juu. Lakini ukiongezewa mazoezi juu ya kazi ambazo daktari hazijui, utazidisha, utaumia, kisha utaacha. Na kama maumivu yamekulaza siku nyingi bila yeye kujua, misuli itazidi kudhoofika.

Njia ya kwanza ya kupima ni maswali. Dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO), lililotumika pia katika utafiti wa kitaifa nchini mwaka 2012, huuliza kuhusu kazi, kutembea kwenda mahali na mapumziko. Ni zuri, ila hutegemea kumbukumbu, na ugonjwa huu huivuruga.

Njia ya pili ni kifaa kidogo kinachovaliwa kiunoni kurekodi mwili unavyosogea, au simu inayohesabu hatua. Hakisahau, lakini hakioni vizuri kazi ya mikono kama kutwanga na kufua, wala uzito wa ndoo uliyobeba.

Tumia daftari

Kwa siku saba, kila jioni andika mambo manne: dakika ulizotembea, kazi za mikono ulizofanya, maumivu kuanzia 0 hadi 10, na ulivyolala. Kama kuandika ni shida, mwanao wa shule akusaidie.

Kisha angalia: siku uliyopalilia tangu asubuhi hadi jioni, kesho yake ilikuwaje? Wengi hufanya kazi za siku tatu siku wanapopata nafuu, halafu hulala siku mbili. Tafuta kiasi unachokimudu hata siku mbaya, mfano kutembea dakika 10, uanzie hapo. Ongeza dakika mbili au tatu kila baada ya wiki moja au mbili. Shamba ligawe vipande, upumzike kabla maumivu hayajapanda. Siku ya nafuu usilipize kazi za jana.

Mume na watoto, daftari hilo lisomeni pia. Mama akipumzika katikati ya palizi anafuata tiba.

Daftari halitoshi kutambua ugonjwa. Nenda nalo kituo cha afya, na usichelewe ukiona viungo vinavimba, homa, kupungua uzito bila sababu, au mkono ama mguu kukosa nguvu. Hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa mwingine unaohitaji tiba yake.