Chupa ya moshi na miaka 31 ya kazi

Wandugu wa mine, mama na baba wa kambi, leo hatuanze na mushahara. Tunaanza na whisky. Lakini musikimbie: mushahara utarudi palepale mbele ya mwisho.

Mzee mmoja wa kambi yetu alimaliza kazi. Miaka 31, mingi yake chini ya udongo. Siku ya mwisho walimwita ku bureau, wakamupigia makofi, wakamupa karatasi ya asante na chupa moja ndani ya karton. Décompte final, walisema, itafuata. Mzee akarudi nyumbani na chupa chini ya koti. Jioni akatuita sisi watano wa sendika, akasema: «Ninyi munajua kusoma karatasi za wakubwa. Munisomee na hii.»

Ilikuwa Lagavulin, whisky ya Uskoti, ile nchi Wafaransa wanaita Écosse. Ku chupa waliandika miaka 16. Tulifungua, tukanusa, tukaangaliana. Mmoja wetu alisema ni dawa ya vidonda ya dispensaire. Mwingine akasema ni ya kughushi, wamemudanganya mzee mpaka mwisho. Tulitaka kuifunga na kurudia Simba yetu. Njo mama wa nyumba alitoka ku jiko, akachukua bilauri, akanusa, akacheka: «Ninyi wanaume, hii si samaki ya Kasenga?»

Alisema kweli. Ile harufu ni moshi, sawa na ile ya samaki wenye kukaushwa ju ya moto.

Whisky ya malt inatoka ku shayiri. Wanailoweka mu maji, inaanza kuchipuka, kisha wanaikausha ili isiendelee kuota. Ni hapo, ku kukausha, njia mbili zinaachana. Ukitumia hewa ya moto tu, utapata whisky bila moshi. Lakini ukitia mu moto ule udongo mweusi wa mabwawa wenye wanaita tourbe, moshi yake inashika mu mbegu na haitoki yote tena. Inapita mu kuchachuka, mu kuchemshwa, mu miaka yote ya pipa, mpaka inafika mu pua yako.

Tourbe ni majani na mizizi yenye ilioza nusu-nusu ndani ya maji, polepole, kwa maelfu ya miaka. Hata kwetu Kongo kuko. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kama mu Cuvette centrale, upande wetu na upande wa Brazzaville, kuko tourbe ya kupita kilometre carrée 145 000. Ile yetu inafaa ilale ndani ya maji, ju inafunga kaboni mingi sana. Ku kisiwa cha Islay, kwenye Lagavulin inatoka, miti ni kidogo na mabwawa ni mengi. Watu walikata tourbe, wakaianika ku upepo, wakapika nayo na kuota moto. Hata shayiri waliikausha na moto wenye walikuwa nao, sawa vile sisi tunapika na makala. Ladha ya moshi ilikuja pamoja na kuni. Leo wanaipima: Lagavulin inatumia malt ya fenoli 35 hivi ndani ya milioni moja, jirani yake Ardbeg 55 hivi. Ile ya bila moshi iko karibu na zero.

Mwezi wa kufuata, mtoto wa mmoja wetu alifika toka Bruxelles na chupa ya Glengoyne, whisky yenye shayiri yake inakaushwa na hewa tu. Tukaweka chupa mbili ku meza moja. Jumamosi ya kwanza tulikosea: tulianza na ile ya moshi. Glengoyne ilipofuata, tulisikia sawa tunakunywa maji, ju moshi ilikuwa imekwisha kukaa ku ulimi. Jumamosi ya pili tuligeuza. Glengoyne kwanza. Hapo tukasikia asali, tunda la pomme, na kitu sawa na mukate wa moto. Kisha tukarudi ku Lagavulin, na mara hii nyuma ya moshi tukakuta utamu wenye hatukusikia siku ya kwanza.

Njo tunawapa ile tulijifunza. Anza na ya bila moshi, kisha panda. Mimina kidogo, kidole kimoja, mu bilauri ndogo. Usitumbukize pua ndani, ju pombe itaiunguza. Nusa toka mbali, kinywa wazi kidogo. Onja, uache izunguke mu kinywa mbele ya kumeza. Kisha ongeza matone mawili ao matatu ya maji na unuse tena: mara nyingi harufu yenye ilikuwa imejificha inatoka. Kama moshi inakuangusha, kula kipande cha samaki ya Kasenga pamoja nayo. Pua yako itakumbuka kama inajua ile kitu. Wengine hawataipenda, na si kosa. Kati yetu watano, wawili wanabaki ku Glengoyne mpaka leo.

Tena, hapana mbele ya poste. Whisky ya Uskoti haina ruhusa kushuka chini ya 40 ju ya 100. Mutu mwenye ameikunywa hashuke chini, hapande ku engin. Mama za kambi wanajua ginsi Jumamosi ya mushahara inaishaka: lutuku, kelele, mufuko wazi Jumatatu. Sisi chupa mbili zilitutosha watu watano karibu miezi mine. Kunywa kwa kuonja ni kunywa kidogo; mwenye anakunywa haraka hasikie kitu.

Ile mtoto wa Bruxelles alitusomea pia habari ya Campbeltown, mji mdogo wa bahari kule Uskoti, na tukaisikiliza sana. Kuko nyumba moja, Springbank, yenye inatengeneza aina tatu mahali pamoja: Hazelburn bila moshi kabisa, Springbank na moshi kidogo, Longrow na moshi mingi. Shayiri yao wanaigeuza wenyewe, na mapauro, ku sakafu. Zamani mji ule ulikuwa na viwanda vya whisky kupita 30. Makaa ya mawe ya kuchemshia yalitoka ku mashimo ya karibu, upande wa Drumlemble na Machrihanish. Mufereji uliyaleta mjini, kisha reli ndogo. Mbele ya mwaka 1935, viwanda vilibaki viwili tu. Mine ya mwisho ilifunga 1967. Leo kuko viwanda vitatu, ju kimoja kilirudia kazi mu 2004. Sisi wenye tuliona Kipushi ikinyamaza mu 1993 na kungojea miaka kupita 30, hakuna haja ya kutuelezea ile.

Lakini ile ilitugusa zaidi ni sheria yao moja. Whisky haiitwe ya Uskoti kama haikulala ndani ya pipa ya mbao ya chêne, kulekule Uskoti, miaka mitatu kamili. Na kama wameandika 16 ku chupa, maana yake hata pipa changa kupita zote mu ile mchanganyiko ilimaliza miaka 16. Ukitia ndani kidogo ya miaka 10, lazima uandike 10. Hakuna kuongeza, hakuna kuzungusha.

Mzee alisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza: «Basi ile pombe wanaihesabia kila mwaka?» Tukasema ndiyo. Akasema: «Na mimi?»

Ndani ya makaratasi yake, wandugu, ancienneté waliandika miaka 22. Miaka tisa ya kwanza, ile alifanya chini ya sous-traitant mu shimo lilelile, haiko. Tulitafuta fiche zake za malipo za zamani. Mama wa nyumba alikuwa amezichunga mu sanduku, chini ya bikwembe. Tulizipanga mwaka kwa mwaka, tukaandika barua, tukaipeleka ku Inspection du travail. Wenye muko na fiche za zamani ku nyumba, muzichunge vile. Na kama sous-traitant yako amebadilika jina, omba attestation ya kazi mbele haijapotea.

Chupa ni zawadi, na tulishukuru. Décompte ni haki. Moja haiwezi kulipa ingine.

Lagavulin ya mzee imebakia robo. Aliifunga, akaiweka ju ya kabati, na akakataza mutu kuigusa mpaka jibu lifike. Tunaandika hii, jibu halijafika bado. Kila Jumamosi tunapita pale, tunakunywa chai.