Bakteria wageuza moshi wa viwanda kuwa mafuta

Gesi inayotoka katika matanuri ya kuyeyushia chuma, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikichomwa, sasa inageuzwa kuwa mafuta kwa msaada wa bakteria.

Kiwanda cha kwanza cha kibiashara cha aina hiyo kilianza kazi mwezi Mei mwaka 2018 huko Caofeidian, mkoani Hebei nchini China, kando ya kiwanda cha chuma cha Shougang. Kilijengwa kiweze kuzalisha takriban tani 46,000 za ethanoli kwa mwaka.

Mwezi Desemba mwaka 2022, kampuni ya ArcelorMittal ilizindua kiwanda kingine mjini Ghent, Ubelgiji, kwa gharama ya takriban euro milioni 200.

Viwanda vyote viwili vinatumia utaalamu wa kampuni ya LanzaTech, iliyoasisiwa nchini New Zealand mwaka 2005.

Sumu iliyo chakula

Makaa ya mawe yanapotumika kutenga chuma na mawe yake, hutoka gesi nyingi ya kaboni monoksidi. Hiyo ndiyo gesi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Kwa bakteria aitwaye Clostridium autoethanogenum, hata hivyo, sumu hiyo ni chakula. Bakteria huyo, ambaye wanasayansi walimpata katika kinyesi cha sungura, huishi pasipo oksijeni.

Gesi husafishwa kwanza, kisha hupulizwa ndani ya mtungi mkubwa wa maji wanamoishi bakteria hao. Kama vile chachu inavyogeuza utamu wa maji ya mnazi kuwa tembo, nao huigeuza gesi kuwa ethanoli. Baadaye ethanoli hutengwa na maji kwa kuchemshwa na kupoozwa.

Ethanoli hiyo huweza kuchanganywa na petroli, au kugeuzwa tena kuwa mafuta ya ndege. Mwezi Oktoba mwaka 2018, ndege ya shirika la Virgin Atlantic iliruka kutoka Orlando, Marekani, hadi London ikiwa na mafuta ya kawaida yaliyochanganywa na yale yaliyotokana na ethanoli hiyo.

Faida na mipaka yake

Faida kubwa ni kwamba mafuta haya hayahitaji shamba. Ethanoli nyingi duniani hutokana na mahindi na miwa, jambo ambalo limezusha mjadala juu ya kulisha magari badala ya watu.

Lakini teknolojia hii haimalizi tatizo la hewa ya ukaa. Gesi ikikosa hidrojeni, theluthi mbili za kaboni yake hutoka tena kama hewa ya ukaa, na ni theluthi moja tu inayoingia katika ethanoli. Theluthi hiyo nayo huenda hewani mafuta yanapochomwa. Nafuu iliyopo ni kwamba kaboni imetumika mara mbili, na petroli kidogo zaidi inahitajika.

Bakteria wenyewe pia ni wepesi wa kudhurika. Huko Vero Beach, Florida, kampuni ya INEOS Bio ilijaribu kuwalisha bakteria kwa gesi iliyotokana na takataka za mimea. Gesi hiyo ilikuwa na sianidi iliyowadhuru, na kiwanda hicho kikafungwa.

Afrika Mashariki je?

Viwanda vingi vya chuma vya Afrika Mashariki huyeyusha vyuma chakavu kwa umeme, hivyo havitoi gesi hiyo kwa wingi kama matanuri ya China au Ubelgiji.

Kilichopo tele ni taka za mijini na mabaki ya mazao, ambayo yakipashwa joto kali kwa hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi na hidrojeni. Hata hivyo, yaliyotokea Florida yanaonyesha kuwa kazi ngumu ni kuisafisha gesi hiyo kabla haijawafikia bakteria.