Je, Wajua? Ukame huanza kwa kuua bei

Ukame huua bei ya ng'ombe kabla ya kumuua ng'ombe mwenyewe. Malisho yakikauka, wafugaji hukimbilia mnadani kwa wakati mmoja. Ng'ombe wamekonda, wanunuzi wachache, na gunia la mahindi linapanda bei. Mwenye zizi kubwa hulala njaa.

Kujaza zizi upya huchukua miaka. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9, na mtamba wa kienyeji huweza kufika miaka 4 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Akizaa dume, subiri tena! Mbuzi huzaa baada ya miezi 5, pengine pacha.

Gorong'a na kwingineko wilayani Tarime, kaskazini mwa Tanzania, hasara hufika hadi kwenye ndoa. Wakurya hulipa mahari kwa ng'ombe. Hata mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe wake, ili apate warithi: ndiyo nyumba ntobu.

Ili kujikinga na hasara kama hiyo, mfugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, aliweza kukata bima ya ukame kuanzia 2010. Hakuna anayehesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho kutoka angani. Ukipungua mno, fidia hulipwa.