Siku ya Chanjo Ilipwe

Ndugu wafanyakazi,

Tusisahau tulikotoka. Juni 2020, ruhusa ya kusafiri mikoani ilipotolewa, Rusizi yetu ilibaki imefungwa: watu hawaingii wala hawatoki, kwa sababu ya Korona iliyoonekana huku mpakani na Kongo. Mwenye mshahara wa mwezi alivumilia. Kibarua, anayelipwa kwa siku, alilala njaa.

Tarehe 3 Machi 2021 Rwanda ilipokea dozi 240,000 za AstraZeneca na 102,960 za Pfizer. Siku mbili baadaye chanjo ikaanza. Walitangulia wahudumu wa afya, wazee wa zaidi ya miaka 65 na wenye maradhi ya kudumu. Viongozi wakatueleza zamu zetu. Nasi tukauliza: mchuma chai akipanga foleni kituoni tangu asubuhi, siku yake italipwa na nani?

Swali hilo lingali hai. Chanjo ilikuwa ya bure, lakini siku ya kibarua si ya bure. Basi tulifikishe kwa waajiri sasa, kabla maradhi mengine hayajabisha hodi. Tunadai siku ya chanjo ihesabiwe siku ya kazi, tena iandikwe katika mkataba.

Umoja ni nguvu!