Nilidhani Ana Nyumba Ndogo, Kumbe Anatafuta Kijiji!

Saa nane za usiku. Napapasa upande wa pili wa kitanda, baridi. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Nikanyata mpaka sebuleni, nikamkuta mume wangu kainamia kompyuta. Kuniona tu, pap, akaifunga. Shoga yangu unayesoma, wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza nyumba ndogo, na moyoni nikaanza kupanga nguo zitakazoingia kwenye begi.

Asubuhi nilimbana mpaka akasema. Mume wangu ni Mwingereza. Baba yake alipofariki aliacha usia kwamba mwili wake uchomwe, majivu yakamwagwe kijiji walikotoka wazee wake kabla hawajahamia London. Jina la kijiji hakuna aliyelijua. Miezi saba majivu yako kabatini kwa mama mkwe, na mume wangu aliona haya kuniambia, maana anajua sisi Wachaga mtu kuzikwa mbali na kihamba cha kwao si jambo dogo.

Hasira ikaniisha. Nikavuta kiti.

Alikuwa anasoma vitabu vya sensa. England na Wales wanahesabiana kila baada ya miaka 10, na vitabu hufunguliwa baada ya miaka 100. Vya 1921 vilitoka Januari 2022. (Vya 1931 viliungua mwaka 1942, na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita.) Sensa ya 1841 iliuliza tu kama umezaliwa kaunti hiyo hiyo au la. Kuanzia 1851 ndipo wakaandika mahali penyewe.

Babu wa babu yake alipatikana bila shida, na mke na watoto wake. Tatizo ni alikozaliwa. Orodha ya kwenye intaneti ilisema "Kasbow, Norfolk". Norfolk yote haina Kasbow.

Nikamwambia achana na orodha, tufungue picha ya ukurasa wenyewe. Wanaonakili hizo orodha ni watu wa leo wanaobahatisha mwandiko wa jana, jamani! Tukatafuta kwenye ukurasa ule ule neno tusilolitilia shaka. Nyumba ya tatu kulikuwa na Henry, na H yake imepinda mguu kama K. Basi Kasbow ikawa Hasboro. Tukamfuata mzee sensa hadi sensa: 1861 kaandikwa Hazebro, na 1871, akiwa tayari London, Asbra.

"Mtu mmoja anazaliwaje vijiji vitatu?" mume wangu akauliza, kachoka kabisa.

Hapo nikakumbuka cheti cha ubatizo cha baba wa babu yangu, cha enzi ya Mjerumani. Kimeandikwa Madschame. Mzee yule hakuhama Machame hata siku moja, ila mwandishi aliandika kwa sikio la Kijerumani, kama walivyoandika Moschi na Muansa. Nikamwambia, babu yako alitamka, karani akaandika alivyosikia. Yasome yote matatu kwa sauti.

Akasoma. Yakawa kama neno moja! Hata lile lisilo na H, maana watu wengi wa London huimeza.

Tukatafuta jina linalosikika hivyo. Likaja Haisborough Sand, fungu la mchanga baharini, mbele ya pwani ya Norfolk. "Kwa hiyo babu alizaliwa majini?" Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha tukaangalia nchi kavu iliyo karibu na fungu lile. Happisburgh. Wenyeji hulitamka "Heizbra". Mume wangu alikuwa amelipita kwenye ramani mara mia.

Hatukutaka kumwaga majivu ya mtu kwa kubahatisha. Tukaomba kitabu cha ubatizo cha kanisa la pale: jina lake limo, la baba yake limo, na mwaka unalingana na umri wa kwenye sensa.

Tulikwenda Juni. Bahari inakila kijiji kile, nyumba kadhaa zimeshaanguka na ukingo. Ufukweni hapo, mwaka 2013, zilionekana nyayo za binadamu wa kale, kongwe kuliko zote zilizojulikana nje ya Afrika, na bahari ikazifuta ndani ya wiki chache. Mume wangu akanitania kwamba hata hizo zilichelewa sana nyuma ya zile za kwetu Laetoli.

Upepo ulikuwa mkali. Mama mkwe alinipa mtungi niushike, akafunga vizuri kitambaa chake kichwani, kisha akaniuliza kama Machame nako kuna bahari.